Wanajazi Waliokaa Pembeni: Kwa Nini Uanze na Rekodi Zao za Baadaye

Swali la msomaji: "Nimesikiliza albamu maarufu za jazi za miaka ya 1950 na 1960 hadi nazijua kwa moyo. Sasa nataka kuwafahamu wanamuziki waliokuwa pembeni, wale ambao majina yao hayatajwi sana. Tatizo ni kwamba kila nikitafuta jina, naletewa albamu ambazo mwenyewe alirekodi akiwa na miaka 50, 70, hata 90. Je, si afadhali nianze na ujana wao, walipokuwa na nguvu? Na nikizisikiliza hizo za baadaye, nisikilize nini?"

Jibu:

Ndugu msomaji, anza na za baadaye. Sisemi hivyo kwa kuwaheshimu wazee tu. Nasema hivyo kwa sababu ya namna biashara ya jazi ilivyogawa nafasi.

Mwanamuziki aliyepata jina mapema alipewa studio, bendi na muda akiwa bado kijana. Ujana wake umehifadhiwa vizuri, na anayetaka kumjua ana haki ya kuanzia hapo. Aliyekaa pembeni hakupewa. Ujana wake tunausikia kwa vipande: solo fupi kwenye albamu ya mwingine, utangulizi wa sekunde chache, jina lililochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. Nyimbo alichaguliwa, mwendo aliamuliwa, na akimaliza solo yake alirudi kusindikiza. Wengine ilibidi wangoje miaka 20 au 30 hadi mtu awaulize: wewe mwenyewe ungependa kurekodi nini? Watu wakitaka kuzisifu rekodi za namna hii hukimbilia kusema jungu kuu halikosi ukoko. Methali hiyo inazipunja. Kwa wengi wa wanamuziki hawa, hapo ndipo chakula chenyewe kilipoiva.

Mchukue mpiga piano Duke Jordan. Kama unazijua rekodi za mpiga saksofoni Charlie Parker za mwaka 1947, zile ambazo Miles Davis yuko kwenye tarumbeta na Max Roach kwenye dramu, basi Jordan umeshamsikia. Ndiye anayefungua "Embraceable You" kwa piano, na utangulizi ule mfupi una uzuri wa kutosha kumfanya mtu aulize ni nani huyu. Alitunga "Jordu", wimbo ambao mpiga tarumbeta Clifford Brown na Max Roach waliufanya ujulikane mwaka 1954. Lakini kazi zilikauka, na katika miaka ya 1960 mtu huyu alikuwa akiendesha teksi New York. Mwishoni mwa mwaka 1973, akiwa na miaka 51, alirekodi Copenhagen albamu ya "Flight to Denmark" kwa ajili ya SteepleChase, kampuni ndogo ya Denmark iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mads Vinding yuko kwenye besi na Ed Thigpen kwenye dramu.

Isikilize hiyo, kisha urudi kwenye utangulizi wa 1947. Utagundua kwamba ni mtu yuleyule na hoja ileile, ila sasa ameruhusiwa kuimaliza. Jordan hakuwa mpigaji wa kasi. Kipaji chake kilikuwa cha melodi, cha kuipanga noti moja baada ya nyingine hadi solo isikike kama wimbo uliotungwa kabla. Kwenye kundi la Parker, ambako kila mtu alikimbia, kipaji hicho kilipata sekunde chache tu. Kwenye "Flight to Denmark" ndicho kinachoongoza kila kitu. Mtu akiniambia kwamba piano ile "imepoa kwa sababu ya umri", najua hajasikiliza ujana wake kwa makini. Ilikuwa imepoa tangu mwanzo, na kupoa kwake ndiko kulikuwa na thamani.

Hapa niseme jambo kuhusu hizo kampuni ndogo, maana ndizo zitakazokuongoza. Kuanzia miaka ya 1970, nafasi nyingi za wanamuziki hawa hazikutoka kwenye kampuni kubwa za Marekani. Zilitoka SteepleChase ya Denmark, Black Saint na Soul Note za Italia, na Criss Cross ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1981, pamoja na kampuni za Japani. Ukikutana na mojawapo ya majina hayo kwenye jalada, na jina la mpigaji ambaye umelizoea kwenye herufi ndogo tu, isikilize albamu hiyo.

Horace Parlan ni mfano mwingine wa njia hiyohiyo. Ndiye anayepiga piano kwenye "Mingus Ah Um" ya mwaka 1959, albamu ya mpiga besi Charles Mingus ambayo bila shaka unayo. Polio ya utotoni ilimwachia mkono wa kulia uliopooza kwa sehemu, akajijengea mtindo ambao mkono wa kushoto unafanya kazi ambayo kwa wengine ingefanywa na mikono yote miwili. Alihamia Copenhagen mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 yeye na mpiga saksofoni Archie Shepp walirekodi "Goin' Home", watu wawili tu, wakipiga nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi. Shepp alijulikana kwa upigaji wake wa moto wa miaka ya 1960, na wengi walishangaa kumsikia akizishika melodi hizo kwa upole namna ile. Mimi naona Parlan ndiye aliyeiwezesha albamu. Anaweka kordi nzito chache, anaziacha zisikike hadi mwisho, na Shepp anakuwa na mahali pa kusimama.

Sasa nije kwa mtu ambaye ningependa ukae naye muda mrefu kuliko wote: Shirley Horn, mwimbaji na mpiga piano wa Washington. Historia yake inaonyesha kwa uwazi kabisa ninachokisema. Albamu yake ya kwanza, "Embers and Ashes", ilitoka mwaka 1960. Miles Davis aliisikia, akamwita New York afungue maonyesho yake kwenye klabu ya Village Vanguard. Kampuni kubwa ikamchukua, na mwaka 1963 zikatoka albamu mbili ambazo ndani yake yeye anaimba huku watu wengine wakipiga piano. Kwa mwimbaji mwingine jambo hilo lingekuwa la kawaida. Kwa Horn lilikuwa kumkata vipande viwili, kwa sababu uimbaji wake na piano yake vilikuwa kitu kimoja. Neno likichelewa, kordi imechelewa nalo makusudi. Kordi ikibadilika, sauti ilishaanza kuelekea huko. Mpiga piano mwingine, hata awe hodari namna gani, angeweza tu kumfuata.

Baada ya hapo alirudi nyumbani. Alimlea binti yake, akawa anapiga karibu na alikoishi, na kwa miaka mingi ulimwengu wa nje ukamsikia kwa nadra. Lakini alikuwa na watu wake: Charles Ables kwenye besi na Steve Williams kwenye dramu, ambao walikaa naye kwa muda mrefu sana. Hilo ni jambo ambalo kijana hawezi kulipata hata kwa pesa. Mwaka 1987 kampuni ya Verve ilipotoa "I Thought About You", iliyorekodiwa mbele ya watu, wasikilizaji walikutana na watatu waliokuwa wameshazoeana kiasi cha kuthubutu kupiga polepole kuliko karibu kila mtu kwenye jazi.

Mwendo wa polepole ni mgumu kuliko wa kasi. Kwenye kasi, kosa dogo linapita kabla sikio halijalishika. Kwenye mwendo wa Horn, kati ya pigo moja na lingine kuna nafasi kubwa inayomtaka mpiga dramu ajue hasa pigo linalofuata liko wapi, bila kuijaza nafasi hiyo kwa woga. Sikiliza "You Won't Forget Me" ya mwaka 1991, wimbo wenye jina la albamu, ambamo Miles Davis mwenyewe alikuja kupiga tarumbeta, miaka 30 baada ya kumwita New York. Davis alifariki Septemba mwaka huohuo. Usiitazame tarumbeta kwanza. Tazama jinsi Williams anavyoacha, na jinsi Horn anavyoingia na neno pale ambapo ulikuwa umeshadhani limepita.

Kisha kuna sehemu chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisukari kilisababisha akatwe mguu, na bila mguu huo hakuweza kutumia pedali za piano kama alivyozoea. Kwenye "May the Music Never End" ya mwaka 2003 piano inapigwa na wengine, hasa George Mesterhazy, na Ahmad Jamal yumo pia. Kwa juujuu ni hali ileile ya mwaka 1963: Horn anaimba, mwingine anapiga. Linganisha. Mwaka 1963 anaimba ndani ya mpango wa wengine. Mwaka 2003 wapiga piano ndio wanaomngoja yeye, kwa sababu katika miaka iliyopita alikuwa ameshaufundisha ulimwengu wote namna ya kumngoja. Sauti imepungua upana, pumzi zimekuwa fupi, na maneno yamekaribia kuwa mazungumzo. Mimi siioni kama albamu dhaifu. Ni albamu ya mtu ambaye amebaki na kitu kimoja tu, wakati wa kulisema neno, na kitu hicho anakijua kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako lilipo. Unauliza usikilize nini. Sikiliza mpigaji amechagua kubaki na nini. Mwili unapopunguza uwezo, mwanamuziki hawezi tena kufanya kila kitu, hivyo anaamua. Maamuzi hayo yanakuonyesha alichokithamini siku zote, hata pale alipokuwa na kasi ya kukificha.

Njia rahisi ya kuyasikia ni kutafuta wimbo mmoja ambao mtu huyohuyo ameurekodi mara mbili, miaka mingi ikiwa imepita katikati. Mal Waldron anafaa sana kwa zoezi hili. Ndiye aliyekuwa mpiga piano wa mwimbaji Billie Holiday katika miaka ya mwisho ya Holiday, na wawili hao waliandika pamoja "Left Alone", maneno ya Holiday na muziki wa Waldron. Holiday alifariki mwaka 1959 bila kuurekodi. Waldron aliurekodi mwaka huohuo, Jackie McLean akishika nafasi ya sauti ya mwimbaji kwa saksofoni ya alto. Mwaka 1963 heroini ilimwangusha Waldron vibaya kiasi kwamba alisahau hata namna ya kupiga. Ilimbidi ajifunze upya, na miongoni mwa walimu wake zilikuwa rekodi zake mwenyewe. Akahamia Ulaya. Albamu yake "Free at Last" ya mwaka 1969 ndiyo ya kwanza kutolewa na kampuni ya ECM ya Ujerumani. Mwaka 2002 aliurudia "Left Alone" pamoja na Archie Shepp, na Desemba mwaka huo akafariki.

Ziweke rekodi hizo mbili karibu karibu, ya 1959 na ya 2002. Ile ya kwanza ina huzuni ya kijana, iliyo wazi na inayotaka isikike. Ya pili imeshuka chini kwenye upande mzito wa piano, inarudia vipande vidogo vidogo kana kwamba Waldron anakagua kila kimoja kabla ya kukiacha. Tabia ya kurudia ilikuwapo tangu zamani. Baada ya 1963 ikawa ndio muziki wenyewe.

Kwa wapuliza ala mambo ni tofauti kidogo, maana mwili unaingia moja kwa moja kwenye sauti. Meno, midomo, mapafu, vyote vinasikika. Chet Baker alipoteza meno katika miaka ya 1960 na ikambidi ajifunze upya kupuliza tarumbeta. Mpiga alto Frank Morgan alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1955, akapotelea kwenye heroini na magereza, na ya pili, "Easy Living", ikatoka mwaka 1985. Ni miaka 30 kati ya moja na nyingine! Mwaka 1998 akapata kiharusi, na hata hivyo "City Nights" ya mwaka 2004, iliyorekodiwa klabuni New York, inamwonyesha akiwa na sauti iliyokonda na iliyo safi ajabu. Doc Cheatham naye alitumia muda mrefu wa maisha yake akiongoza safu za tarumbeta kwenye bendi za watu wengine, ikiwemo ya Cab Calloway katika miaka ya 1930, kazi ambayo haimpi mtu solo nyingi. Alipokuwa na miaka 91 alirekodi albamu na Nicholas Payton, kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Cheatham alifariki Juni 1997, na solo zao kwenye "Stardust" zikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Pale kijana ndiye mwenye nguvu, na mzee ndiye unayemngojea arudi.

Von Freeman wa Chicago atakusumbua mwanzoni, na ni vizuri akusumbue. Hakuhamia New York. Albamu ya kwanza yenye jina lake ilitoka mwaka 1972 akiwa na karibu miaka 50. Saksofoni yake ya tenori inakaa juu kidogo au chini kidogo ya noti unayoitarajia, na wapo waliodhani ni upungufu. Sikiliza "The Improvisor" ya mwaka 2002, akiwa anaelekea miaka 80, halafu rudi kwenye ile ya 1972. Kuyumba kule kupo pote pawili. Ni lafudhi yake, na aliitunza. Hapa ndipo rekodi za baadaye zinapomtetea mtu: jambo likisikika mara moja unaweza kuliita kosa, lakini likidumu miaka 30, ni uamuzi.

Sitaki uelewe kwamba kila rekodi ya uzeeni ni nzuri. Nyingi si nzuri, na mara nyingi kosa si la mzee. Jihadhari na albamu zilizojaa wageni maarufu, ambapo mwenye jina kwenye jalada anapewa robo ya nafasi. Jihadhari na albamu za kumuenzi mtu mwingine zilizobuniwa ofisini, na zile ambazo vinanda vya nyuzi vimemwagwa juu ya kila kitu ili kufunika udhaifu. (Kuna zinazofaulu hata hivyo: "Here's to Life" ya Horn, mwaka 1992, ina okestra iliyopangwa na Johnny Mandel, na okestra hiyo inajua kukaa kimya.) Swali la kujiuliza ni moja: je, mwanamuziki ndiye aliyechagua mwendo? Kama mwendo ni wake, kuna kitu cha kusikiliza hata vidole vikiwa vimechoka.

Jihadhari pia na huruma. Maisha ya watu hawa yana magereza, maradhi na dhuluma, na ni rahisi kuanza kusikiliza wasifu badala ya muziki. Mwimbaji Jimmy Scott ni mfano mzuri wa hatari hiyo. Alizaliwa na hali ya kimaumbile iliyomwachia sauti ya juu maisha yake yote. Albamu yake nzuri ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyotolewa na kampuni ya Ray Charles, iliondolewa sokoni kwa sababu ya mgogoro wa mkataba, na msikilizaji wa kawaida hakuipata tena kwa takriban miaka 40. Aliporudi na "All the Way" mwaka 1992, kila mtu alizungumzia mateso yake. Ni kweli aliteseka. Lakini unaposikiliza, sahau hilo kwa dakika chache, uangalie anavyochelewa nyuma ya mapigo: bendi, yenye Kenny Barron kwenye piano na Ron Carter kwenye besi, inatembea mbele, naye anaachwa hadi unaogopa, kisha anafika mwisho wa mstari pamoja nao. Huo ni ufundi. Haukuletwa na mateso, na kumhurumia tu ni kumnyima sifa ya kazi aliyoifanya.

Ukitaka mpangilio, huu hapa wangu. Anza na Duke Jordan, maana atakupokea bila masharti. Nenda kwa Horn na ukae naye, albamu ya 1987 kwanza, kisha ya 1991, ya 2003 baadaye. Halafu Waldron kwa zoezi la wimbo mmoja. Freeman aje sikio likiwa limeshazoea kutohukumu haraka.

Mpiga piano Andrew Hill mweke mwisho, kwa sababu yeye ni mgumu kwa namna nyingine. Alirekodi na kampuni ya Blue Note kuanzia mwaka 1963, na baadhi ya kazi zile zilifungiwa kabatini: "Passing Ships" ilirekodiwa mwaka 1969, ikatolewa 2003. Katika miaka ya 1990 alikuwa akifundisha chuo kikuu Portland. Alirudi na "Dusk" mwaka 2000, kisha "Time Lines" ya mwaka 2006, na Aprili 2007 saratani ya mapafu ikamchukua. Tungo za ujana wake zilikuwa na pembe nyingi, kila mpigaji akivutwa upande wake. Kwenye "Time Lines" pembe zipo bado, ila bendi haishindani nazo tena. Albamu inafunguliwa na "Malachi" ikipigwa na bendi nzima na inamalizika kwa wimbo huohuo, piano peke yake. Kinyume na ilivyopangwa, isikilize ile ya piano kwanza. Utaijua melodi kabla bendi haijaifunika, na ukirudi mwanzo hutapotea.

Anayepiga tarumbeta kwenye albamu hiyo ni Charles Tolliver, ambaye naye alianza Blue Note katika miaka ya 1960, akashiriki kuanzisha kampuni ya Strata-East mwaka 1971, na kisha akapita kipindi kirefu cha kusikika kwa nadra. Ukimpenda pale, tafuta "With Love", aliyorekodi mwaka 2006 na bendi yake kubwa.